Kompyuta Iliyomkatia Mama Mdogo

Mama alihamia kwetu Kitangiri, Mwanza, mwaka ule macho yake yalipoanza kumsumbua. Jicho la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, la kulia nalo lilikuwa njiani, na daktari alitaka mama awe mjini ili amwone mara kwa mara kabla ya kumpasua. Alikuja kutoka Magu na sanduku moja, Biblia yake ya Kihaya ambayo hakuweza tena kuisoma, na malalamiko kuhusu ndizi za Mwanza.

"Na hizi nazo mnaziita ndizi," alisema siku ya kwanza, akiigeuza moja mkononi kama mtu anayepima jiwe. Hata hivyo alikula, akaongezewa, akala tena.

Nyumba yetu iko upande wa ziwani, na chumba cha mbele ndicho ofisi yangu. Natengeneza kadi za harusi, ratiba za ibada, na vile vijitabu vya misiba vyenye picha ya marehemu na historia yake fupi. Vifaa vyangu ni kompyuta ya mezani, printa, na meza aliyoichonga mume wangu likizo moja alipochoka kusahihisha mitihani. Ni mwalimu wa biolojia, lakini mbao anazipenda kuliko wanafunzi. Meza tuliiweka dirishani kwa sababu pale ndipo upepo wa ziwa unapoingia, na ndipo mtandao unapokamata vizuri.

Mama amebakiwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake, anayeishi kijijini nje kidogo ya Bukoba kwenye kibanja cha migomba na kahawa. Kwangu ni mama mdogo. Hao wawili hawakuwa wamegombana waziwazi. Walipigiana simu Krismasi na Pasaka, wakaulizana hali, wakaagana. Ila ukiwasikiliza, ungedhani ni wateja wa duka moja waliokutana njiani.

Chanzo nilikijua, maana nilikuwepo. Bibi yangu alipofariki, mimi na mama tulipanda basi la Bukoba alfajiri. Tulipofika Kigongo tukakuta ziwa limechafuka, upepo unavuma hadi maji yanarukia barabarani, na kivuko kimefungwa gatini. Daraja la sasa lilikuwa bado halijaanza kujengwa. Tulikaa kwenye foleni ya magari mpaka jua likazama, tukala mahindi ya kuchoma, mama akawa anatazama ng'ambo ya Busisi kana kwamba anaweza kuivuta kwa macho. Tulipofika kijijini kesho yake, bibi alikuwa ameshazikwa. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi. Mama mdogo alitupokea mlangoni akilia, na mama akampita bila kumkumbatia. Tangu siku hiyo hawakuwahi kulizungumza.

Sasa, mama alipokuwa kwangu anasubiri upasuaji, binti wa mama mdogo alinipigia. Alikuwa amepata kishikwambi kazini kwake. "Dada, kwa nini tusiwakutanishe wazee kwa video? Mama huku kila siku anauliza habari za macho ya mama mkubwa."

Simu yangu isingefaa. Mama aliishika, akaisogeza puani, akairudisha. "Naona kitu kinachezacheza," alisema. "Ni mtu?" Ndipo nikamkalisha mbele ya kompyuta, kwenye kioo kikubwa, Jumapili mchana baada ya ibada.

Sura ya mama mdogo ilipotokea, mama alinyoosha mkono akagusa kioo.

"Huyu ni yeye?"

"Ni mimi, dada! Shikamoo!"

"Marahaba. Umenenepa."

"Ni kioo chenu hicho!"

Wakacheka. Wakaulizana habari za migomba, za mnyauko ulioingia kwa majirani, za nani ameoa na nani ameoa tena. Mimi niliwaacha nikaenda jikoni kugeuza samaki. Niliporudi, mama mdogo alikuwa ameinamisha kichwa, sauti yake imeshuka.

"Dada, kuna jambo nimetaka kukwambia siku nyingi. Kuhusu mazishi ya mama. Siku ile mimi..."

Kioo kikawa cheusi. Hapakuwa na onyo lolote, wala ujumbe. Feni iliyokuwa ikinguruma ndani ya kompyuta ikanyamaza, na chumbani tukaanza kusikia kunguru wa nje.

Mama alikaa vilevile, akitazama mahali palipokuwa na uso.

"Amekata," alisema.

"Hajakata, mama. Kompyuta ndiyo imezimika."

"Imezimika yenyewe? Wakati uleule?"

Nilijaribu kumpigia mama mdogo kwa simu ya kawaida. Haikupokelewa. Jioni binamu yangu akanitumia ujumbe: *Mama amekasirika. Anasema kaanza tu kueleza, mama mkubwa akamzimia.*

Wiki ile tuliwabembeleza wote wawili, kila mmoja upande wake, na Jumapili iliyofuata wakakubali. Safari hii mazungumzo yalianza kwa tahadhari, yakapata moto kidogo kidogo, na aliyeingia kwenye jambo lenyewe alikuwa mama. "Mimi nilichoumia ni kimoja," alisema, akiwa amekaa wima kama yuko kwenye baraza la kanisa. "Nilifika nikakuta kaburi limeshafunikwa, na wewe ndiye uliyekuwa..."

Giza tena. Kule Bukoba, mama mdogo aliona dada yake ametupa shutuma kisha akafunga mlango.

Mume wangu alikuwa na jibu tayari. "Ni umeme huo. Umeme wa mtaani kwetu unapanda na kushuka kama homa." Akanunua kile kiboksi cha kusawazisha umeme, akakifunga kwa mbwembwe, akakipiga makofi mgongoni. Mimi sikuridhika, kwa sababu friji na taa hazikuwa zimetikisika, lakini nilimwacha afurahi. Nikachukua kompyuta yenyewe nikaipeleka mjini kwa fundi, kijana mpole anayekaa kwenye kibanda kilichojaa mashine zilizofunguliwa. Akaiwasha, ikakaa vizuri mbele yake kama mtoto anayeshika adabu akiona mgeni. Akasema huenda ni virusi. Akafuta kila kitu, akaweka programu upya, akanirudishia inang'aa.

Jumapili ya tatu ikazimika tena. Wakati huo mama mdogo hata hakuwa amefika kwenye habari za mazishi. Alikuwa anavuta pumzi tu. Mama akainuka, akatafuta fimbo yake kwa kupapasa, akasema, "Basi. Hata mashine haitaki tuzungumze. Nani anajua, pengine Mungu naye hataki." Akaenda chumbani kwake.

Binamu yangu naye akaniandikia kuwa mama yake amekataa kabisa, na kishikwambi ameagiza kirudishwe kabatini.

Hapo ndipo nilipokasirika. Sikumkasirikia mama wala mama mdogo. Niliikasirikia ile kompyuta, mali yangu, niliyoipangusa kila asubuhi. Jumatatu nilifunga mlango wa ofisi, nikaketi, nikaanza kuihoji kama hakimu.

Jambo la kwanza nililojiuliza: inazimika lini? Nikagundua kwamba nikiandika kadi, hata kwa siku nzima, haizimiki. Inazimika kwenye video. Basi nikashuku mtandao. Ila nikajiambia, mtandao ukikatika, picha huganda. Kompyuta yenyewe haifi. Ili nihakikishe, nikachomoa mtandao kabisa, nikafungua mkanda wa harusi ambao mteja mmoja aliniletea nimtolee picha za kadi ya shukrani. Bibi harusi akaingia ukumbini, akina mama wakapiga vigelegele, mshereheshaji akaanza maneno yake marefu. Kabla keki haijakatwa, kompyuta ikafa.

Nilifurahi sana. Sijui kama mtu mwingine amewahi kufurahi hivyo kwa kuharibikiwa. Maana yake ilikuwa wazi: halikuwa jambo la Bukoba, wala la mazishi, wala la Mungu.

Nikainama kuchomoa waya, na mkono wangu ukagusa ubavu wa kompyuta. Nikauondoa haraka. Ulikuwa wa moto kama sufuria ya uji.

Niliacha ipoe, nikaleta bisibisi ya cherehani, nikafungua kifuniko cha ubavuni. Mwanzoni sikuelewa ninachokiona. Mahali panapotakiwa kuwa na feni ndogo na vile vipande vyembamba vya bati vinavyotoa joto, palikuwa na kitu kama blanketi la kijivu. Nikakigusa kwa ncha ya bisibisi, kikavunjika, kikaanguka unga na mabawa.

Walikuwa wadudu wa ziwani. Kila anayekaa ufukweni huku anawajua: wanapanda kutoka majini kwa mawingu, kwa mbali utafikiri ni moshi wa mtu anayechoma shamba katikati ya ziwa, kisha upepo unawaleta nchi kavu. Jioni wanafuata taa, na asubuhi unawafagia dirishani kwa ufagio. Miaka yote hiyo, wakati mimi nikipangusa kioo na meza, feni ilikuwa ikiwavuta ndani na kuwasokota pamoja na vumbi, hadi ikashindwa kuzunguka sawasawa. Nikiandika, kompyuta ilijitahidi hivyohivyo. Ukiiwekea video, kazi inakuwa nzito, joto linapanda, nayo inajizima isije ikaungua.

Mume wangu aliporudi kutoka shuleni alinikuta nimekaa sakafuni na wadudu kwenye ungo. Kiboksi chake cha umeme kilikuwa kinamwangalia kutoka ukutani, lakini hakuonekana kuwa na aibu yoyote. Alipiga magoti, macho yanang'aa. "Hebu nione! Unajua hawa wakishakuwa wakubwa hawali chochote? Hawana muda huo. Wanapanda, wanataga, wanakufa."

"Wamekufa ndani ya kompyuta yangu."

"Naomba niwapeleke darasani."

Tulisafisha pamoja kwa brashi ya rangi na pampu ya baiskeli, yeye akipampu na mimi nikielekeza mpira, hadi vile vibati vikaonekana na feni ikazunguka kwa kidole. Tukafunga, tukawasha, tukarudi ukumbini harusini. Keki ikakatwa. Tukapeana mikono. Zawadi zikaanza kutolewa, shangazi wa bibi harusi akaanza kucheza na beseni kichwani, na kompyuta ikazimika.

Nusura nilie. Mume wangu akafungua kinywa, najua alitaka kusema neno umeme, nikamtazama akakifunga.

Usiku huo sikuigusa. Asubuhi nilisoma kwenye simu, nikaangalia watu wakifungua kompyuta zao, nikaona jambo ambalo sikulijua: kati ya moyo wa kompyuta na vile vibati hupakwa dawa laini, kama dawa ya meno, inayopitisha joto. Miaka ikipita inakauka. Niliinua vibati vyangu taratibu nikakuta imebaki ganda gumu lililopasuka kama udongo wa kiangazi. Nikaenda mjini, nikanunua kibomba kidogo cha dawa hiyo, nikakwangua ganda kwa pamba yenye spiriti, nikapaka mpya kiasi cha punje ya maharage kama nilivyoelekezwa. Kompyuta hiyo ilikuwa ndiyo ugali wetu, na sasa nilikuwa nimeshika sehemu yake ambayo hata fundi hakuifungua.

Nikamwita mama aje akae nami wakati wa kujaribu. Alikuja akinung'unika, akakaa kitini. Tukaitazama harusi ya watu tusiowajua kutoka mwanzo hadi mwisho, au tuseme mimi nilitazama na yeye alisikiliza.

"Huyo mshereheshaji anaongea sana," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Bibi harusi analia?"

"Analia."

"Vizuri. Asiyelia siku hiyo hulia baadaye."

Zawadi zikaisha. Watu wakala. Wakacheza hadi wakavua viatu. Mkanda ukafika mwisho wenyewe, na kompyuta ikabaki inanguruma taratibu kama paka. Nikashika ubavu wake: vuguvugu tu.

Nikaleta ungo. Nikauchukua mkono wa mama nikautia kwenye lile lundo la kijivu. "Hawa ndio waliokata," nilimwambia. "Si mama mdogo. Wala si wewe."

Alisugua unga ule kati ya vidole, akanusa. "Wadudu wa ziwani?"

"Ndio hao."

Alianza kucheka kimya kimya, mabega yakitikisika, halafu akacheka kwa sauti hadi akajifuta macho kwa upande wa kanga. "Nipigie huyo mtu," alisema.

Mama mdogo alipewa simu na binti yake, akaipokea bila furaha. Mama hakungoja salamu. "Nisikilize. Si mimi niliyekata. Ni wadudu. Walijaa kwenye mashine, mwanangu amewatoa ungo mzima."

Mama mdogo akasema kwa upole sana, kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, dada. Wadudu nao walikuwa wanajua habari zetu?"

Nikasikia wote wawili wamepasuka kicheko.

Jumapili nilimkalisha mama mahali pake. Mimi nilikaa pembeni, kiganja kikiwa juu ya kompyuta kama ninavyoshika paji la mtoto mwenye homa. Nilitaka kuondoka walipofika kwenye jambo lao, lakini mama akaniashiria nibaki.

"Haya, sema," alimwambia mdogo wake. "Maliza ulilotaka kusema."

Mama mdogo aliweka kishikwambi sawa. "Niliwaambia dada yuko njiani. Wazee wakaniuliza yuko wapi. Nikasema sijui. Simu yako nilipiga, haikupatikana."

"Iliisha chaji kule Kigongo."

"Mimi sikujua. Mvua ilikuwa imefunga, wakasema kaburi litajaa maji. Nilikaa chini kwenye udongo, dada, nikawaomba. Wakaniinua. Walikuwa wanaume wote wale, na mimi nilikuwa peke yangu."

Mama akasogea karibu na kioo.

"Basi nikaenda ndani nikachukua ile kanga uliyomtumia mama Krismasi. Ya kijani, yenye michoro ya korosho. Alikuwa hajaivaa, anaitunza. Nikamfunika nayo. Nikasema, kama mwenyewe hajafika, kitu chake kiwe pale."

Sikuwahi kuisikia habari hiyo. Nilimtazama mama. Alikuwa ameangalia kioo kwa yale macho yake yenye ukungu, midomo imebana, na mikono imelala mapajani. Muda ukapita. Mimi nilisikiliza feni. Ilizunguka.

Kule Bukoba mama mdogo akaanza kuhangaika, akasogeza uso karibu na kishikwambi hadi tukaona paji la uso tu. "Dada? Dada, upo? Imekata?"

"Nipo," mama alisema. "Haijakata."

Kisha akaongeza, "Ile kanga niliichagua mwenyewe. Niliizungukia soko zima. Nashukuru ulimfunika nayo." Na baada ya kidogo: "Nilikupita mlangoni siku ile."

"Ulinipita."

"Nikija, nitaanza na mlango huohuo."

Mama mdogo alilia, mama akalia, na kompyuta ikaendelea kuwaonyesha mmoja kwa mwingine bila kutetereka. Walipomaliza kulia wakaanza kubishana kuhusu namna ya kupika maharage mabichi, na mimi nikaenda kuandaa chai.

Macho ya mama yalipasuliwa yote mawili, moja baada ya lingine, na yalifunguka vizuri. Dirishani nimeweka wavu mwembamba, na kila baada ya muda nafungua ule ubavu wa kompyuta nachungulia. Mume wangu husimama nyuma yangu na chupa yake ya vielelezo, akitumaini. Mama amekaa kwetu zaidi ya alivyopanga. Anasema Magu kuna joto, jambo ambalo si kweli.

Jumapili mchana ni zamu yao. Siku hizi hawana hata haja ya kuzungumza muda wote. Mama mdogo huweka kishikwambi juu ya kinu, akakaa anamenya ndizi, na mama huku anachambua mchele, kila mmoja akiinua macho mara mojamoja kumwangalia mwenzake. Juzi nilipita ofisini kuchukua karatasi nikakuta mama mdogo amesinzia palepale, kichwa kimeegemea ukuta, kisu kikiwa bado mkononi, na nyuma yake migomba inayumba. Nikanyoosha mkono kufunga.

"Usizime," mama alininong'oneza. "Mwache alale."

Akavuta ungo wa mchele magotini, akaendelea kuchambua.